Ndoo ya Tope

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, nampenda sana huyu mama, msafi kupita kiasi. Ng'ombe wake mmoja alioga kuliko baadhi yetu humu. Samadi yake iliteremkia kwenye shimo la biogesi, na mama akapika bila kuni wala moshi.

Wazazi wa kijana aliyemtaka binti yake wakatuma neno kwamba wanakuja na posa. Mama akajifunga kibwebwe. Akasugua banda zima kwa dawa ya kuua vijidudu, na maji yote yakaishia shimoni. Banda likanukia kama hospitali. Siku chache baadaye akawasha jiko, kimya. Wageni wanakuja kesho, hana moto. Akalia, maskini.

Fundi wa biogesi akaja, akanusa, akatabasamu. "Mama, umewaua wapishi wako."

"Wapishi gani, mwanangu?"

"Mle shimoni wamo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Wa kwanza wanakula samadi. Wa pili wanakula makombo ya wa kwanza. Wa mwisho wanakula makombo ya hao, na pumzi yao ndiyo gesi yako. Kundi moja likifa, wote wanalala njaa. Kaombe ndoo ya tope kwenye shimo lililo hai, umwage humo, usubiri."

Shimo lililo hai lilikuwa moja tu pale: la jirani ambaye mama alimshtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu ya harufu ya zizi lake. Wewe ungekwenda?

Alikwenda, ndoo mkononi, macho chini. "Jirani, naomba tope."

Jirani akaipokea ndoo. "Tope utapata, dada. Lakini gesi haitarudi leo wala kesho. Wageni walete hapa kwangu, tupike wote."

Basi wakwe wakala pilau uani kwa jirani, kando ya zizi lile lile. Na binti akaposwa.

Sasa tuje kwetu sisi. Tunataka usharika unaonukia dawa. Huyu katoka kilabuni, tumsogeze nyuma. Yule kazaa kabla ya ndoa, atoke kwaya. Tunasugua, tunasugua, halafu tunashangaa mbona tunaomba na jiko halishiki. Nani alikwambia moto ule ulikuwa wako peke yako? Umeishi miaka yote kwa makombo ya maombi ya huyo unayemzibia pua.

Mgeukie aliyekaa kando yako. Usimnuse. Muombe ndoo.