Machela ya Mtaa wa Mfuga Njiwa

“Nusu ya machela haibebi nusu ya mgonjwa.”

Vijana wa usafi wa mtaa walikuwa wakigombania toroli, Mzee Chambuso akawarushia maneno hayo kutoka kwenye benchi lake. Wakaliacha toroli, wakataka kujua yametoka wapi.

“Wallahi, haya ni kweli tupu,” alisema. “Nikitia chumvi hata chembe, sahani nzima ya maandazi ya Mwamvua iwe juu yangu.”

Mwamvua, muuza maandazi, aliinua macho kutoka kwenye karai lake, kisha akaendelea kugeuza maandazi.

Methali hii ilianza hivi.

Vichochoro vya mtaa huu vilikuwa vyembamba, mbuzi wawili wakikutana sharti mmoja arudi kinyumenyume. Gari la wagonjwa liliishia barabarani. Basi kina mama wa kikundi cha Tuliza wakashona turubai, vijana wa klabu ya Chapakazi wakachonga miti miwili, ikawa machela ya mtaa. Walibeba wagonjwa bure, usiku na mchana.

Kisha redio ikaja kuwahoji, na kwenye matangazo ikawataja Chapakazi peke yao. Bi Kidawa, mkuu wa Tuliza, alisikia akikoroga uji, mwiko ukasimama. Siku hiyohiyo akachomoa turubai kwenye miti, akalikunja, akalilaza chini ya godoro lake. “Tuone watabebea nini!” Selemba, kiongozi wa vijana, naye akaifungia miti kibandani.

Masika ikaingia. Asubuhi moja ya mvua kubwa, Sauda, mkwe wa Bi Kidawa, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Damu ikaanza kumtoka. Mkunga alimpapasa tumbo, akamvuta Bi Kidawa pembeni.

“Hapa si pangu tena, dada. Hospitali, sasa hivi.”

Bi Kidawa alilitoa turubai. Wanawake wanne wakashika pembe, wakamwinua mgonjwa. Turubai likabonyea katikati kama gunia la viazi. Sauda akapiga yowe, damu ikazidi.

“Mnamkunja!” mkunga alifoka. “Mshusheni!”

Bi Kidawa alitazama mlango. Kibanda cha Chapakazi kilikuwa nyuma ya msikiti tu, lakini siku hiyo aliona heri aambiwe aende Makka kwa miguu. Akatoka bila viatu.

Selemba alikuwa amesimama mlangoni, miti nyuma yake.

“Shikamoo, Bi Mkubwa. Umepotea njia?”

“Marahaba. Selemba mwanangu, nipe miti. Sauda anatokwa na damu.”

“Na bibi yangu alipoanguka, nikaja kwako kuomba turubai, ulinijibu nini?”

“Nilisema ukambebe kwa redio.”

“Nilimbeba mgongoni. Nyonga yake haijakaa sawa mpaka leo.”

Mvua ilimchuruzika Bi Kidawa usoni.

“Nilikosa, mwanangu. Nitukane, lakini nitukane tukiwa njiani.”

Selemba alimkazia macho. Kisha akaitupa miti begani. “Na nitakutukana kweli!” alisema, keshaanza kukimbia.

Walipitisha miti kwenye mapindo ya turubai, Sauda akalala amenyooka. Vijana wakashika mbele, kina mama nyuma, maji yamewafika magotini. Kila kona Selemba alitimiza ahadi yake, na kila tusi Bi Kidawa aliliitikia, “Haki yako. Kaza mwendo.”

“Walipofika barabarani,” Mzee Chambuso alimalizia, “mtoto akazaliwa palepale juu ya machela, akapiga chafya, akasema, ‘Asanteni!’”

“Mwongo!” Mwamvua alimwelekezea uma wa kukaangia. “Nilizaliwa hospitali, kwa operesheni. Bibi Kidawa alinihadithia yote, hata matusi ya Selemba. Chafya hakuitaja!”

“Sahani, Babu! Sahani!” vijana wakashangilia.

Mzee alijipapasa mifuko. “Haya, basi. Hadithi ni kweli nusu. Nitalipa nusu sahani.”

Mwamvua alimsogezea sahani nzima, akaishikilia ukingoni mpaka noti ilipotoka.

“Babu,” alisema, “nusu ya machela haibebi nusu ya mgonjwa.”