Mzinga Ulioingia Barazani

Hapo zamani, watu wa mji wa Kivumbani waliishi kwa amani chini ya Sultani Mwinyimvua, na amani ile ilimkera Waziri Badi peke yake. Waziri alikuwa na shemeji, na shemeji alikuwa ameleta shehena ya bunduki kutoka ng'ambo, na bunduki zile zilikuwa zikiota kutu dukani.

Basi siku moja Waziri akamwendea Sultani, akamwambia, "Maulana, nimekaa nikaufikiri usalama wa raia wako. Kila mtu akionekana na silaha mkononi, nani atathubutu kumgusa mwenziwe? Mji utajaa adabu."

Sultani akauliza, "Na watu wabaya je?"

"Watu wabaya watawaogopa watu wema."

"Nao watu wema tutawatambuaje?"

"Ni wale watakaobeba bunduki, Maulana."

Sultani akaona maneno yale yana hekima, kwa kuwa yalisemwa taratibu. Ikawa karani ameitwa, na amri ikaandikwa: kila mwanamume atokaye nyumbani kwake achukue silaha waziwazi, iwe bunduki, iwe bastola, iwe mzinga, wala asizuiwe kuingia nayo popote, si sokoni, si msikitini, si mbele ya Sultani mwenyewe, na asiye na silaha hana neno barazani.

Karani alipofika kwenye neno mzinga akasita. "Mheshimiwa Waziri, nani ataubeba mzinga kwenda nao sokoni?"

Waziri akamjibu, "Haki haipimwi kwa uzito. Andika."

Karani akaandika. Mbiu ya mgambo ikalia mji mzima, na duka la shemeji likafunguliwa kabla mbiu haijanyamaza.

Adabu ikaja kweli. Sokoni kupatana bei kukaisha: mnunuzi alitaja bei yake, muuzaji akaitikia, na Waziri akampelekea Sultani habari kwamba biashara sasa ni nyepesi. Msikitini, mtu akisujudu, mtutu wake ulimwelekea aliye mbele yake. Na safu ya mbele, ambayo zamani watu waliigombea, ikabaki tupu. Kinyozi alinyoa watu walioweka bastola mapajani. Wengi walitoka na nusu ya ndevu, wakamshukuru, naye akawashukuru zaidi.

Sasa katika mji ule alikuwako mchukuzi wa maji, fukara, jina lake Shaweji. Hakuwa na kitu ila mama mzee, kibanda karibu na kisima, na punda aitwaye Subira. Watu walimwita mpumbavu, kwa sababu ukimwambia neno alilishika kama lilivyo. Mtu akimwambia, "Shaweji, nimwagie maji," alimmwagia.

Asubuhi moja Shaweji alikuwa akipita sokoni na punda wake, na kuku akaruka kutoka tengani. Bwana Mfaki, muuza viatu, mtu mwema mwenye bunduki mpya, akastuka. Bunduki ikalia. Kuku akaenda zake, na Subira akaanguka na viriba vyake, akafa.

Shaweji akaenda barazani kushitaki. Waziri akamsikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema, "Tumeichunguza habari hii. Bunduki haiui punda. Watu ndio wauao."

"Basi mhukumuni mtu, Bwana Waziri."

"Mtu naye alikuwa akitumia haki yake. Sasa niambie, huyo punda alikuwa na silaha?"

"La. Alikuwa na maji."

"Unaona," Waziri akasema, akawageukia wakuu wa baraza, nao wakaona.

Sultani akamtazama Shaweji mikono. "Na wewe mwenyewe silaha yako iko wapi?"

"Sina, Maulana. Bunduki ya shemeji yake Waziri yauzwa kwa thamani ya nyumba, na nyumba yangu haina thamani hiyo."

Wengine wakacheka, ila si Waziri. Akasema, "Maulana, huyu hakuja kushitaki, amekuja kuidharau amri. Mtu asiyejilinda huwatia wenziwe mashakani. Na aje hapa Ijumaa akiwa na silaha iliyotajwa katika amri, ama atoke mjini yeye na mama yake, na kibanda kibomolewe."

Sultani akasema, "Iwe hivyo."

Shaweji akarudi nyumbani, akamweleza mama yake. Mama akasema, "Mwanangu, mimi kisima hiki nimekizoea. Huko nje ya mji nitakunywa wapi?"

"Hatutoki, mama. Wamesema silaha iliyotajwa katika amri. Nami niliisikia mbiu, ikataja tatu."

Basi akaenda shamba kwa mjomba wake, mrina asali, akakaa huko hata Ijumaa.

Ijumaa baraza likajaa, kila mkuu na bunduki yake mkononi. Askari wa lango wakamwona Shaweji anakuja na gogo refu kichwani, limezibwa huku na huku kwa majani ya mgomba, na ndani yake mna mvumo.

Askari mmoja akamwuliza, "Umebeba nini, wewe?"

"Mzinga."

Askari wakatazamana. Mmoja akasema, "Huo ni mzinga wa nyuki."

Shaweji akajibu, "Amri ilisema mzinga. Haikusema wa nini. Nanyi mkinizuia mmeninyang'anya haki yangu, na mimi ni mtu mwema, kama mwonavyo, kwa kuwa nimebeba."

Wakampisha. Walimpisha hata akabaki na njia yote peke yake.

Akaingia, akautua mzinga katikati ya baraza, akaamkia kwa heshima, kisha akachomoa majani upande mmoja.

Waziri akainuka. "Toa kitu hicho nje."

"Bwana Waziri, wewe ndiye uliyetufundisha. Mzinga hauumi mtu. Nyuki ndio waumao."

"Wafukuze hao nyuki, basi."

"Nao wanatumia haki yao. Na asiyewaudhi hawamdhuru, wana adabu sana. Kama mtu anawaogopa, dawa yake si kunizuia mimi. Dawa yake naye aje na mzinga wake. Tukiwa na mizinga arobaini humu ndani, nani atathubutu kumgusa mwenziwe?"

Nyuki walikuwa wamekwisha kutoka. Kwanza walivizunguka vilemba, kisha wakaingia katika mikono ya kanzu. Kadhi akajifunika joho. Bwana Mfaki, aliyeitwa kuwa shahidi, akailenga bunduki yake juu, akailenga chini, asijue aanze na nani.

Ndipo nyuki mmoja akaenda moja kwa moja, akatua juu ya pua ya Sultani.

Waziri Badi, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa bwana wake, akainua bunduki akamlenga yule nyuki. Na wakuu wa baraza, wasije wakaonekana mapenzi yao ni haba, wakainua zao. Mitutu yote ya Kivumbani ikaielekea pua moja.

Sultani hakutikisika. Alimtazama nyuki, akaitazama mitutu, na ikamdhihirikia ni kipi kati ya viwili kilichokuwa kinamtisha.

Shaweji akamwambia kwa upole, "Usihofu, Maulana. Wote hawa ni watu wema."

Sultani akanena bila ya kufumbua midomo, "Wekeni chini."

Wakaweka.

"Nje. Zipelekeni nje."

Wakazipeleka nje, Waziri akiwa wa mwisho. Shaweji akatwaa chetezo kilichokuwa mbele ya Sultani, akafukiza udi pale penye mzinga. Nyuki wakapoa, wakarejea nyumbani mwao, na yule wa puani akafuata wenziwe. Shaweji akaziba kwa majani yake.

Sultani akakaa kitambo akiipapasa pua. Kisha akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamlegea. Na wakuu wakacheka pia, kwa kuwa sasa hawakuwa na cha kushika.

Akamwita karani. "Amri ile ifutwe. Andika nyingine."

Karani akatia kalamu wino. "Niandike bunduki zikae nje, Maulana, au niandike mizinga?"

"Andika hivi: kitu chochote kinachoogopwa na kila mtu ila mwenye nacho, kisiingie penye watu."

Akamgeukia Shaweji. "Kibanda chako hakibomolewi, na mama yako atakunywa maji ya kisima chake. Sasa taka utakacho."

"Nataka punda, Maulana. Na mzinga."

"Mzinga si huo hapo?"

"Huu ni wa mjomba, sharti niurudishe. Nautaka ule wa pale nje, unaopigwa Idi kwa Idi."

Sultani akampa mzinga wa baruti uliokuwa mbele ya jumba. Punda alitoka kwa Waziri, yule mweupe aliyekuwa akimpanda kwenda barazani. Na tangu siku ile Waziri alikuja kwa miguu, akipita mbele ya duka la shemeji yake, naye shemeji hakumwamkia. Shaweji akamtwika punda viriba vya maji, akamwita Adabu, kwa kuwa ndiyo adabu pekee iliyopatikana katika amri ile.

Mzinga wa baruti aliupaka nta mdomoni, akauacha pale pale ulipokuwa. Mvua za vuli zilipokwisha, nyuki wakahamia ndani.

Na huko Kivumbani hata leo, ukimpelekea mtu habari kwamba unakwenda kwake na mzinga, atakuuliza kwanza kama una asali. Ukisema hauna, atakukaribisha vizuri, akuombe uuache nje.