Koili ya Mzee Mfinanga

Ukihamisha injini, hamisha na cheche yake. Mmeisikia leo harusini mkacheka, mkadhani ni mzaha wa watu wa gereji. Haya, tulieni, niwaambie ilikotoka.

Mzee Mfinanga wa Mwanga alikuwa na gari kuukuu la kabureta, na mapenzi yake kwa gari hilo yalimtia wivu hata mkewe. Injini ilipokufa, Fundi Eliamini alimpatia nyingine, iliyotoka kwenye gari la miaka ya karibuni, lenye kuwasha kwa umeme mtupu bila platini, vile vidude vya kukata na kuunga umeme. Fundi alitaka kuihamisha pamoja na koili yake, kifaa kinachozalisha cheche, na waya wake. Mzee akakataa katakata. Koili yake mwenyewe ya zamani haikuwahi kumwangusha tangu ujana, na kwake kitu kilichokutumikia hukitupi kingali kizima. Fundi akaheshimu mvi, akaifunga koili ya zamani na waya wake kwenye injini ngeni.

Wiki hiyohiyo Mzee alikuwa akimwoza bintiye Namkunda huko Usangi, juu mlimani. Namkunda alikuwa mshonaji, na asiposhona siku mbili alinyong'onyea hadi chakula kikamshinda. Lakini wakwe walileta ujumbe kwamba kwao kazi ya mke ni shamba na jiko, cherehani ibaki. Mzee alikubali, asije akaonekana mtu wa masharti. Binti hakubisha. Aliifunika cherehani yake kwa khanga, akazikunja ncha polepole, na baba yake akaona. Moyo ulimuuma tangu hapo.

Siku ya kumpeleka, gari liliimba tambarare yote. Wenzao walikuwa wametangulia. Ndani walikuwa Mzee, bibi harusi na Fundi Eliamini. Mzee alishika usukani akajihisi kama yumo ndotoni, barabara ikija yenyewe, ushungi mweupe ukipepea pembeni mwake, naye akatamani safari isifike.

Walipoanza kupanda, ukungu ukashuka. Vichaka vikapotea, kisha mitaro, kisha hata pua ya gari. Mzee akawasha taa, akawasha na waipa. Gari likaanza kukohoa. Likavuta, likakata, likavuta tena, na kwenye kona ya tatu likazimika. Ukasikika mto tu, mbali bondeni, na hakuna aliyejua uko upande gani.

Fundi alifunua boneti, akamwita Mzee.

“Injini hii ni nzima, mzee wangu,” alisema. “Imezoea nguvu yote ya betri. Waya wako wa zamani unaupunguza umeme ili platini isiungue. Kwenye tambarare ilivumilia. Sasa kuna mlima, kuna taa, kuna waipa, cheche imefifia. Tumeihamisha tukaiacha na njaa.”

Alikiri kwamba hakuwa na raha tangu aifunge koili ile, ndiyo maana koili ya injini yenyewe na waya wake alivibeba kwenye buti.

Mzee alisogea ubavuni mwa gari. Akamtazama Namkunda kupitia kioo chenye ukungu. Binti alikuwa ameinama, vidole vyake vikiusukuma upindo wa gauni mbele, kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kitambaa kwenye sindano. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mzee aliona aibu.

“Itoe yangu,” alimwambia Fundi.

Haikuchukua muda. Injini iliwaka kwa mguso mmoja, taa zikiwa zimewashwa, na ngurumo yake ikaujaza ukungu wote. Mzee akageuza gari, akaanza kuteremka.

“Baba, Usangi ni juu,” Namkunda alisema.

“Najua. Tunaifuata cherehani.”

“Walisema ibaki.”

“Walisema, nami nikakubali. Nilikukosea, mwanangu.”

Namkunda alilia hadi Mwanga, na hakuna aliyemnyamazisha.

Walifika ukweni jua likielekea kuzama, wali umepoa na ngoma zimechoka. Mzee na Fundi waliibeba cherehani wakaitua mlangoni. Mama mkwe alisimama kizingitini, akauliza kama ujumbe wao haukufika.

“Ulifika, mkwe,” Mzee alisema kwa upole. “Ila leo mlimani nimefundishwa. Ukihamisha injini, hamisha na cheche yake.”