Jina Moja la Aprili Sita

Sogeeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Voi palikuwa na marafiki watatu, wamehitimu pamoja na kukosa ajira pamoja. Wakesho alikuwa na kipaji cha lugha: akigeuza maneno ya daktari kuwa Kiswahili, hata bibi yake asiyesoma aliyaelewa. Mghoi alikuwa na sauti: akisoma tangazo la msiba kanisani, wasiomjua marehemu nao walilia. Righa alijua kuchimba taratibu za watu, mpaka ajue mlango unafunguliwa lini.

Kampuni moja ya Uingereza ilitafuta mfanyakazi wa kujitegemea, atafsiri na kurekodi masomo ya uzazi salama. Wasichana wawili, Wakesho na Mghoi, walitaka kuomba Januari. Righa akawazuia. "Januari ni mwaka mpya wetu. Mwaka wa kodi wa Waingereza huanza Aprili sita, na hawa hugawa kazi kwa kalenda hiyo." Kwa kuifuatilia kampuni hiyo usiku na mchana, akapoteza hata kibarua cha dukani kwa mjomba wake.

Wakesho alitafsiri sampuli mara saba. Shule ya Taveta ikamwita kufundisha. Akasema anangoja Aprili.

Mghoi alirekodi ndani ya kabati la nguo, blanketi kichwani, ili majogoo wasisikike. Mchumba wake akamwambia achague. Akachagua kabati.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Wakafanya kama vyama vya akina mama: mmoja huandikwa kwa niaba ya wote. Wakaandika Mghoi, wala hakuna kati yao aliyeuliza kwa nini yeye.

Aprili sita, asubuhi, mkataba ukaja. Kazi ya mwaka mzima. Mghoi akawasomea wenzake kwa furaha, hadi kifungu cha tisa: mwenye jina afanye kila kitu peke yake, akishirikisha mwingine, mkataba umekufa.

Mghoi akaiandikia kampuni ukweli wote. Jibu likaja la adabu, baridi kama sakafu: teueni mmoja kabla ya saa sita mchana, asiyoyajua tutamfundisha. La sivyo, yupo mwombaji mwingine.

Righa akacheka bila furaha. Alijua siku ya mlango kufunguliwa. Hakujua upana wake.

"Weka saini, dada," Wakesho akasema. "Jina ni lako."

"Maneno ni yako."

"Maneno yangu hawakuyaandika popote."

Wakesho akatoka. Chai yake ikabaki mezani, imeota utando. Mghoi akasikia geti likifungwa taratibu, kama la nyumba yenye mgonjwa.

Sasa ni saa tano na nusu. Msiniambie wagawane kisirisiri. Wakikamatwa, wanaoumia ni wao. Msiniambie akatae, watalala njaa watatu badala ya wawili. Bila maneno, sauti ingesoma nini? Bila sauti, maneno yangesikika wapi? Na bila Aprili sita, nani angewafungulia?

Je, ungekuwa Mghoi, ungeandika jina la nani? Na wale wawili utakaowaacha, ungewaambia nini ukiwatazama machoni?