Panya Buku na Faini ya Mayai

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa ghala lenye mlango mpana wa kuingilia na tundu dogo la kutokea. Na wewe huko nyuma, acha kutafuna, itikia na wenzio. Hii inakuhusu.

Hapo zamani za kale, kila mnyama alitunza nafaka yake nyumbani. Mchwa wakala, mvua ikalowesha, ukungu ukaota. Ndipo akatokea Panya Buku. Mnamjua? Yule mkubwa kama paka, mwenye mashavu ya kubebea chakula. Akajenga ghala, akavaa koti, akatangaza, "Leteni mtama wenu niwatunzie. Mtauchukua siku yoyote mnayotaka."

Jamani, panya kulinda mtama! Na wanyama wakapanga foleni, wengine walikuja mbio.

Kanga naye akaenda. Alikuwa mama wa vifaranga watatu, na nyuma ya nyumba alikuwa akiatamia mayai tisa. Akapeleka vibaba kumi vya mtama. Panya Buku akamsomea masharti, mashavu yamejaa tele. "Mmm, mhu-mhu, faini, mmh, mhu."

"Umesemaje, bwana?"

"Nimesema karibu sana, mama."

Kanga akaweka alama ya ukucha kwenye daftari, akaenda zake.

Siku moja asubuhi watoto walilia uji. Kanga akamtuma kifaranga wa kwanza ghalani. Akapewa kibaba kimoja, akakimwaga njiani. Akamtuma wa pili. Akapewa kibaba kimoja, akakila chote hukohuko. Akamtuma wa tatu. Akapewa kibaba kimoja, na huyo angalau alifika nacho nyumbani.

Mchana mawingu yakatanda. Mvua ya kupandia! Kanga akatoka mbio. Ya asubuhi yote alishayasahau, kichwani ana shamba tu.

"Nipe vibaba vyangu kumi, haraka!"

Panya Buku alijua vimebaki saba. Alijua kabisa! Lakini alitabasamu, akampimia vyote kumi. "Karibu tena, mama."

Kesho yake, mtama umeshafukiwa shambani, huyo Panya Buku mlangoni anapiga hodi.

"Mama, umepitiliza fungu lako mara tatu. Kila mara faini ni yai moja. Naomba mayai matatu."

"Mara tatu? Nimepitiliza mara moja tu, jana mchana! Asubuhi watoto walichukua mtama wetu wenyewe."

"Aa, daftari langu huanza na kikubwa. Niliandika vibaba kumi kwanza, fungu lako likaisha. Ndipo nikaandika vya watoto, kimoja, kimoja, kimoja. Vyote vitatu vikakuta fungu tupu. Ndio utaratibu."

"Lakini wao walitangulia!"

"Walitangulia kwenye foleni, mama. Si kwenye daftari."

"Na mbona hukuniambia kwamba havitoshi?"

"Hukuniuliza. Halafu sikutaka kukuaibisha mbele za watu."

Mwoneni huyo! Kibaba kimoja cha mtama kwa mtoto mzima wa mwenzio, na bado anajidai ana huruma. Akaongeza, "Usipolipa leo, kesho yatakuwa sita. Keshokutwa, yote tisa."

Kanga akamwomba arudi mchana. Panya Buku alipoondoka, mama wa watu akaketi juu ya mayai yake akalia. Jirani yake Kobe akaja kumpa pole.

"Mimi nilienda kuuliza tu nimebakiwa na kiasi gani," akasema Kobe. "Nikatozwa kibaba kwa kuuliza."

Kanga aliposikia hivyo, machozi yalikauka, hasira zikampanda. Akashuka mtoni.

Mchana Panya Buku akarudi, akakuta majirani wote wamejaa uani. Kwenye nyasi palikuwa na mayai mawili madogo, na la tatu jeupe, laini, kubwa kuliko yote.

"Haya, bwana," akasema Kanga. "Anza na kubwa. Si ndio utaratibu?"

Panya Buku hakuuliza. Hata kunusa hakunusa. Akalisukuma mdomoni kwa mikono miwili, akalisokomeza shavuni. Akang'ata. Ko! Jiwe la mtoni! Halimezeki, halitemeki.

"Mmm! Mhu-mhu! Mmh!"

"Anasemaje?" akauliza Kobe.

"Anasoma masharti," akajibu Kanga.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Panya Buku akapiga magoti, akaonyesha shavu, akamkazia Kanga macho kama anayesema, mbona hukuniambia ni jiwe?

"Hukuniuliza," akasema Kanga. "Halafu sikutaka kukuaibisha mbele za watu."

Akachukua mayai yake mawili, akayarudisha kwa wenzao, akakaa juu yake. Yote tisa yakaanguliwa. Majirani wakaenda ghalani, kila mmoja akachukua mtama wake, na aliyetangulia kwenye foleni ndiye aliyetangulia kupimiwa. Panya Buku mpaka leo mashavu yamevimba, na akisema neno hakuna anayemwelewa.

Basi wanangu, funzo ni hili. Mtu akikupa kupita fungu lako, huku anatabasamu, muulize bei kabla hujanyoosha mkono. Na wewe unayemwona mwenzio akiteleza ukanyamaza ili ufaidi, siku ukikwama usitegemee wa kukuzindua.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ichukueni, sitozi faini. Ikiwa chungu, mpelekeeni Panya Buku, ana mashavu ya kuiwekea.