Zimwi Lililokula "Sijambo"

Sogeeni niwape. Mmesogea? Basi, palikuwa na mfinyanzi, Mwanahawa, ambaye mumewe alikwenda kurina asali msituni asirudi. Akaficha hofu yake, asimwambie mtu. Zimwi likainusa hofu ile, likamwingia tumboni.

Asubuhi jirani yake, Bi Zuwena, akamsabahi: "Hujambo?"

"Sijambo."

Zimwi likalimeza neno lile, likanenepa. Mwanahawa akakosa usingizi.

Siku ya pili: "Hujambo?"

"Sijambo."

Zimwi likanenepa zaidi. Chakula kikagoma kushuka.

Siku ya tatu akaamka moyo unamwenda mbio, pumzi haitoshi, miguu haimbebi. Bi Zuwena akapiga hodi. "Mwenzangu, hujambo?"

"Sema sijambo!" zimwi likanguruma ndani. "Mara moja tu nishibe, nikupasue tumbo!"

Mwanahawa akauma meno. Kisha akasema, "Nina jambo, Bi Zuwena. Nina jambo kubwa." Akalia, akasimulia yote.

Zimwi likasinyaa kwa njaa, likadondoka pamoja na machozi, dogo kama chawa. Bi Zuwena akalikanyaga. Mume hakurudi siku ile, wala ya pili yake. Lakini uji ulishuka.

Ngano yangu naitua hapa. Na wewe uliyenyamaza pale pembeni, hujambo?

Usinijibu haraka.