Kisibiti cha Bikombo na Tumbo la Tabibu

Paukwa!
— Pakawa!
Masikio yamekaa?
— Yamekaa kitako!
Na midomo?
— Tumeifunga, fungua wako!

Hapo kale, watu walipokuwa hawajathubutu kumuuliza mtu mzima "umejuaje?", palikuwa na tabibu, Bwana Mwinyimvua. Kilemba tulikiona. Kichwa hatukijui.

Wanawake wa mji ule walikuwa na kisibiti chao, mbegu ndogo za kiungo. Mtoto akijaa tumbo, mama huchemsha zile mbegu, hunywa, hunyonyesha. Basi! Mwinyimvua akapita nyumba hadi nyumba: "Ushamba wa jikoni huo! Mzazi akinywa kisibiti, maziwa hukauka." Wakamwamini. Ndiyo, wenzangu, walimwamini, kwa sababu alikohoa kabla ya kusema.

Bikombo alikuwa bado ndani ya arubaini yake ya uzazi. Mwanawe akalia alfajiri, akalia adhuhuri, akalia magharibi, tumbo gumu kama dafu. Tabibu akaitwa.

"Ana shetani. Anataka jogoo mwekundu."
Jogoo akaenda. Mtoto akalia.
"Anataka beberu."
Beberu akaenda. Mtoto akalia.
"Anataka mimi nile hapa hapa, kwa niaba yake."

Mnacheka? Bikombo hakucheka. Akapakua mbaazi za nazi. Sahani ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Ongeza, Bwana tabibu, shetani asilale njaa."

Punde tumbo la tabibu likaumuka kama unga wa mandazi. Akajipinda, jasho likamtoka.

"Bikombo, mwanangu, sogea..."
"Sema kwa sauti. Mficha uchi hazai."
"Kisibiti. Huna kisibiti?"
"Kwani si kinakausha?"
"Kinakausha nini! Mama yangu akinipa tangu utotoni. Chemsha, funika, lete upesi!"

Majirani waliokuja kumtazama mzazi wakasikia kila neno.

Bikombo akashusha mkebe wa bibi yake, akachemsha, akafunika. Tabibu akanyoosha mkono. Bikombo akanywa mwenyewe, kikombe kizima, akimkazia macho. Akamnyonyesha mwanawe. Mtoto akacheua, akajamba, akalala.

"Na mimi je?" akaguna tabibu.

Bi Mize, jirani, akaishika sufuria. "Maji bado yamo. Lakini kwanza tutajie dawa nyingine za mama yako ulizotukataza."

Akazitaja zote, moja kwa mguno, nyingine kwa kilio. Wanawake wakazihesabu kwa vidole. Vidole vikawaishia.

Ngano imefika mwisho. Aliyeipenda aende nayo, aliyechukia aiache mlangoni.